Cheti kinachomsemea aliyewahi kutiwa hatiani

Iwe Kenya au Tanzania, mtu akiambiwa alete cheti cha tabia njema anajua kinachomngoja. Ataomba, atalipa ada, atachukuliwa alama za vidole, kisha atasubiri polisi wapekue kumbukumbu zao. Kikitoka hakina doa, ataendelea kutafuta kazi yake ya ulinzi, ya udereva wa matatu au ya nyumbani huko Ghuba. Kikitoka kimeandikwa kwamba aliwahi kutiwa hatiani, mara nyingi safari huishia hapo hapo, hata kama kosa lilitendwa miaka 15 iliyopita na kifungo kilitumikiwa mpaka siku ya mwisho.

Katika jimbo la New York nchini Marekani kuna hati yenye jina hilohilo, Cheti cha Tabia Njema, lakini kazi yake ni kinyume kabisa. Hapewi mtu asiye na kosa. Hupewa yule aliyetiwa hatiani, akatumikia adhabu yake, akakaa muda bila kurudia, na sasa anataka kuajiriwa au kupata leseni. Cheti chetu kinamtangaza mtu, chao kinamsemea.

Tumeona tukieleze kwa sababu baadhi ya wasikilizaji wetu wana ndugu huko. Miji ya Utica, Syracuse na Buffalo katika jimbo hilo imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo na Somalia, na wapo kati yao wanaozungumza Kiswahili. Kijana akipata kesi ugenini, mzazi aliyebaki kijijini au kambini huletewa habari nusunusu, kwamba mtoto "ameharibikiwa" na basi. Habari ya kwamba baada ya hukumu kuna ofisi ya kwenda na fomu ya kujaza haifiki. Sababu ya pili iko hapa nyumbani, na tutaifikia.

Adhabu ambayo hakimu hakuisoma

Hakimu anaposoma hukumu hutaja miezi, miaka au faini. Hataji kwamba mtu huyo hataruhusiwa kufanya kazi fulani tena. Hayo yamo katika sheria nyingine kabisa, za leseni na za biashara, na mhukumiwa huyagundua siku anapopeleka maombi dirishani. Kwa miaka mingi sheria ya New York ilisema, kwa mfano, kwamba aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa hawezi kupewa leseni ya udalali wa nyumba na viwanja, isipokuwa awe amepata msamaha wa kiongozi wa jimbo au mojawapo ya vyeti tunavyovieleza hapa. Hata kama wizi wake wa ujanani haukuhusu nyumba wala kiwanja cha mtu, mlango ulijifunga wenyewe.

Kuna kisa cha jimbo hilohilo ambacho magazeti ya huko yalikifuatilia kwa muda mrefu. Mtu mmoja aliyefungwa kwa unyang'anyi alijifunza unyoaji akiwa gerezani. Mafunzo yalitolewa na serikali ya jimbo, kwa vifaa vya serikali, na walimu wakilipwa na serikali. Alipotoka akaomba leseni ya kinyozi. Serikali ileile, kupitia idara yake ya leseni, ikamwona kuwa hana uadilifu wa kutosha kushika mkasi na wembe. Akaenda kwenye rufaa na mahakamani, mashauri yakarudi na kwenda kwa miaka. Alifariki mwaka 2005 kabla kesi yake haijamalizika.

Hata pale ambapo hakuna sheria inayokataza, mwajiri hukataa mwenyewe. Mwaka 2003 mtafiti Devah Pager alichapisha matokeo ya utafiti alioufanya katika mji wa Milwaukee. Aliwatuma vijana waliofanana kwa elimu na uzoefu wakaombe kazi za kawaida, na wengine wakajitambulisha kuwa wamewahi kufungwa. Wazungu wasio na rekodi walipigiwa simu mara 34 katika kila maombi 100, wenye rekodi mara 17. Weusi wasio na rekodi walipigiwa mara 14, wenye rekodi mara 5. Msomaji ataona jambo lingine ndani ya hesabu hiyo: Mweusi asiye na kosa lolote alikuwa na bahati ndogo kuliko Mzungu aliyetoka jela. Ndugu zetu wanaoishi huko wanabeba mizigo hiyo miwili kwa pamoja.

Vyeti viwili, milango miwili

New York ina vyeti viwili, na watu wengi huvichanganya. Cha kwanza tunaweza kukiita Cheti cha Kuondolewa Vikwazo. Hiki ni cha mtu ambaye katika maisha yake hana zaidi ya kosa kubwa moja. Makosa madogo hayahesabiwi hapo. Hata yawe kumi, bado anaruhusiwa kuomba. Kama hakupelekwa gereza la jimbo, anamwomba hakimu wa mahakama ileile iliyomhukumu. Anaweza hata kuomba siku ya hukumu yenyewe, wakili wake akiwa macho. Kama alipelekwa gereza la jimbo, anaomba kwa idara inayosimamia magereza na waliotoka gerezani. Hakuna miaka ya kusubiri. Ila kila hukumu inahitaji cheti chake, kwa hiyo mwenye hukumu tatu atahitaji vyeti vitatu.

Cha pili ndicho Cheti cha Tabia Njema. Hiki ni cha mwenye makosa makubwa mawili au zaidi. Kinafunika rekodi yake yote kwa mkupuo mmoja, na hutolewa na idara tu, si hakimu. Hapa kusubiri kupo: mwaka 1 kama kosa lake zito kuliko yote lilikuwa dogo, miaka 3 kwa makosa makubwa ya ngazi za chini, na miaka 5 kwa yale ya ngazi za juu kabisa. Kwa aliyefungwa, hesabu huanza siku alipotoka gerezani baada ya hukumu yake ya mwisho, na katika muda huo anatakiwa awe hajatiwa hatiani tena. Mtu mwenye kosa kubwa moja tu naye anaweza kukihitaji, kama analenga wadhifa wa umma, kwa sababu kile cha kwanza hakifungui mlango huo.

Vyote viwili vinafanya mambo mawili. Kwanza vinaondoa kile kizuizi kinachojifunga chenyewe, kama kile cha leseni ya udalali. Baada ya hapo ofisi ya leseni haiwezi kusema "sheria hairuhusu" na kurudisha fomu. Inalazimika kumtazama mtu mwenyewe. Pili, vinaifanya sheria ichukulie kwamba mwenye cheti amejirekebisha. Mwajiri akidai hajajirekebisha, atafute hoja ya kuonyesha hivyo.

Mwajiri anabanwa na nini

Tangu mwaka 1976 New York ina sheria inayomkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na ofisi yoyote inayotoa leseni, kumkataa mtu kwa sababu tu aliwahi kutiwa hatiani. Kazi za polisi hazimo. Kwingine kote, wa kumkataa anatakiwa aonyeshe moja kati ya mambo mawili: ama kosa lile linahusiana moja kwa moja na kazi inayoombwa, ama kumwajiri mtu huyo kutahatarisha mali au usalama wa watu kupita kiasi.

Na hayo hayaamuliwi kwa kumwangalia mtu usoni. Sheria imetaja mambo 8 ya kupima. Mwajiri aanze na kukumbuka kwamba sera ya jimbo ni kuwapa kazi waliowahi kuhukumiwa. Aangalie kazi yenyewe ina majukumu gani, na kosa lile linagusaje majukumu hayo. Aulize ni miaka mingapi imepita, mtu alikuwa na umri gani alipotenda, na kosa lilikuwa zito kiasi gani. Apokee ushahidi wowote wa kujirekebisha. Mwisho apime maslahi yake halali na usalama wa wengine. Mwombaji aliyekataliwa ana haki ya kuandika barua kudai sababu, na anatakiwa ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30. Kwa maoni yetu siku hizo 30 ndizo zenye meno. Mwajiri anayejua kwamba ataandika sababu na kuweka sahihi yake hufikiri mara mbili.

Mizani hiyo haitoi jibu moja kila mara. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo imeamua kesi mbili za watu waliotaka kufanya kazi katika elimu, na wasikilizaji wetu wazipime wenyewe.

Katika ile ya kwanza, iliyoamuliwa mwaka 1999, mwanamume mmoja aliomba kufundisha Kihispania katika shule ya sekondari. Mwaka 1987, akiwa na miaka 36, alitiwa hatiani kwa kuuza kokeini ya dola 10. Akatumikia kifungo, akasoma mpaka shahada ya pili, akaleta barua za kumsifu, na cheti cha kuondolewa vikwazo alikuwa nacho. Bodi ya elimu ikamkataa, na mahakama ikasema bodi ilikuwa na haki hiyo. Dawa za kulevya na wanafunzi ni jambo zito, alikuwa mtu mzima alipotenda, na cheti ni kitu kimoja tu kati ya vile 8 vinavyopimwa.

Katika ile ya pili, iliyoamuliwa mwaka 2011, mwanamke aliyekuwa ameshiriki unyang'anyi mwaka 1993 akiwa na miaka 17 alinyimwa kibali cha kufanya kazi ya ofisini, ya muda, katika kituo kinachohudumia watoto. Ilikuwa imepita miaka 13. Amemaliza chuo, amefanya kazi ofisi ya mawakili bila lawama. Mahakama ikamwona ameonewa, kwa sababu idara ya elimu haikuyapima yote aliyoyaleta. Ilitazama kosa, ikafunga faili.

Anayetaka kuomba ajifunze hapo. Cheti peke yake hakitoshi, na faili lililojaa ushahidi ni gumu kulifunga haraka.

Ohio nao wana chao

Majimbo mengine yana hati za namna hiyo. Ohio ilitunga sheria yake mwaka 2012. Aliyemaliza adhabu ya kosa kubwa anasubiri mwaka 1, ya kosa dogo miezi 6, kisha anaomba, na uamuzi ni wa jaji wa kaunti anakoishi. Ohio waliongeza jambo ambalo tunaona ni la busara, nalo linamhusu mwajiri. Mwajiri wengi hawamkatai mtu kwa chuki. Wanaogopa kwamba akifanya kosa kazini, watashtakiwa wao kwa uzembe wa kumwajiri. Sheria ya Ohio inamkinga dhidi ya shtaka hilo mwajiri aliyemchukua mtu huku akijua ana cheti.

Je, kinasaidia? Watafiti wawili, Peter Leasure na Tia Stevens Andersen, walichapisha mwaka 2016 jaribio walilolifanya mjini Columbus, mji ambao pia una jamii kubwa ya watu kutoka Somalia. Walipeleka maombi ya kazi ya watu wa kubuni. Wasio na rekodi waliitwa karibu mara 29 katika kila 100. Waliotaja hukumu ya dawa za kulevya ya mwaka mmoja nyuma waliitwa karibu mara 10. Waliotaja hukumu hiyohiyo lakini wakaeleza kwamba wana cheti waliitwa kama mara 25. Ni utafiti mmoja, wa mji mmoja, na hatuwezi kusema matokeo yangekuwa yaleyale kila mahali. Hata hivyo tofauti kati ya 10 na 25 kwa mtu anayetafuta mshahara wa kwanza si ndogo.

Usichotarajie

Cheti hakifuti rekodi. Mwajiri akiruhusiwa kuuliza na akauliza, mwombaji anatakiwa aseme ukweli kwamba alitiwa hatiani, kisha atoe cheti. Wengi hukwama hapa, kwa kuwa ili ukitumie cheti lazima kwanza ufunue kile unachoona aibu kukitaja. Katika Jiji la New York, sheria ya mwaka 2015 imepunguza uchungu huo kidogo. Mwajiri haruhusiwi kuuliza habari za hukumu mpaka awe ameshamwambia mwombaji kwamba yuko tayari kumpa kazi.

Kufichwa kwa rekodi ni jambo jingine. Sheria mpya ya New York, iliyoanza kutumika Novemba 2024, inataka hukumu nyingi zifungiwe zenyewe, miaka 3 kwa kosa dogo na miaka 8 kwa kosa kubwa, baada ya adhabu kwisha na mtu akiwa hajarudia. Makosa ya kingono na mengi ya yale mazito kabisa hayamo. Mahakama zimepewa mpaka Novemba 2027 kukamilisha kazi hiyo. Anayehitaji kula leo hawezi kusubiri miaka 8, ndiyo maana vyeti bado vina kazi.

La mwisho ni zito zaidi kwa ndugu zetu, na tunaomba msikilizaji alifikishe kwa anayehusika. Cheti cha jimbo hakimlindi mtu asiye raia dhidi ya sheria za uhamiaji. Hizo ni sheria za serikali kuu ya Marekani, nazo zinaihesabu hukumu ileile hata kama jaji wa jimbo amekwisha kuondoa vikwazo vyote. Mwenye kadi ya kijani aliyewahi kutiwa hatiani asijaze fomu ya uraia, wala asisafiri nje ya nchi kuja kuona wazazi, kabla hajazungumza na wakili wa uhamiaji. Na akumbuke kwamba kukiri kosa dogo mahakamani ili kesi iishe upesi kunaweza kumgharimu zaidi ya kifungo.

Anayetaka kuomba

Aanze na kuchukua nakala ya rekodi yake mwenyewe kutoka idara ya jimbo inayotunza kumbukumbu za jinai. Makosa ya uandishi humo si haba: kesi iliyofutwa inaonekana bado iko wazi, au hukumu moja imeandikwa mara mbili. Pia ahesabu vizuri makosa yake makubwa, maana mashtaka kadhaa yaliyokuwa katika hati moja ya mashtaka huhesabiwa kuwa moja, na hilo linaweza kubadilisha cheti anachostahili.

Ombi halilipiwi. Idara inaweza kutaka uthibitisho wa mapato na kodi, na afisa anaweza kufika nyumbani kuona anavyoishi. Barua za mwajiri, mwalimu, kiongozi wa dini au mshauri wa tiba ya ulevi zinasaidia, hasa zikitaja tarehe na kazi alizofanya badala ya kusema tu kwamba ni mtu mwema. Aliye bado chini ya uangalizi anaweza kupewa, ila kinakuwa cha muda mpaka uangalizi uishe, na akivunja masharti kinaweza kuchukuliwa. Hata aliyehukumiwa na mahakama ya serikali kuu au ya jimbo jingine anaweza kuomba, maadamu anaishi New York. Shirika la Legal Action Center la huko limekuwa likiwasaidia watu wa aina hii tangu miaka ya 1970, bila malipo.

Na hapa kwetu

Namba za magari tunazoziona barabarani Kenya zimekuwa zikitengenezwa na wafungwa katika gereza la Kamiti. Viatu vya gereza la Karanga mjini Moshi vinajulikana Tanzania nzima. Mtu anatoka humo na ufundi mkononi. Lakini akitaka leseni ya kuendesha gari la abiria Kenya anaombwa cheti kutoka Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, cheti kinachosema alikuwa wapi, bila neno juu ya alichokifanya tangu atoke.

Njia iliyoandikwa katika Katiba ni msamaha wa Rais: ibara ya 133 kwa Kenya, ambako mtu yeyote anaweza kupeleka ombi na kamati ya ushauri ikalipima, na ibara ya 45 kwa Tanzania. Ni njia ya kweli, ila inapita kwenye meza moja ya nchi nzima, ambako wanaosubiri kunyongwa na waliofungwa maisha nao wamepanga foleni. Kinyozi wa Kitui au fundi seremala wa Kahama aliyefungwa miezi 8 kwa kupigana baa, na anayehitaji karatasi ya kumwonyesha mwajiri, yuko nyuma kabisa ya foleni hiyo. New York fomu ya mtu kama huyo inakwenda kwa hakimu aleyemhukumu, katika mji uleule, na jalada lake bado liko kabatini.